Punguza Mawazo

Baba alianza kulala akiwa ameketi. Alivuta kiti hadi kwenye meza ya sebuleni, akaweka mto juu ya meza, akauegemea kwa kifua, na hapo ndipo usingizi ulipomjia. Akijinyoosha kitandani, maumivu yalimshika chini ya kifua yakatokea mgongoni. Alisema ni mgongo umechoka na viazi. Tulikubali, maana alikuwa amechimba viazi maisha yake yote kwenye kipande cha shamba nje ya Gilgil, ambacho babu yangu alikipata mzungu alipoondoka, na mgongo wa mkulima haushangazi mtu.

Kisha akaanza kuacha chakula. Akawa anatoboa mashimo mapya kwenye mkanda wa suruali kwa msumari. Nilipoona yamefika manne nilimtoa nyumbani kwa lazima, tukaenda kwenye duka la dawa la barabarani ambako muuzaji huvaa koti jeupe na kuongea kama daktari. Hakumgusa tumbo. Alimtazama tu kupitia wavu wa dirisha.

"Mzee, hizo ni ulcers," alisema. "Kuna kitu inakusumbua kwa roho. Punguza mawazo."

Akatuuzia vidonge vya wiki mbili. Vilipoisha tulirudi, akatuuzia vingine. Mara ya tatu alibadilisha rangi ya vidonge, lakini ushauri ulibaki uleule.

Nayachukia maneno hayo mpaka leo. Huku kwetu, kuanzia Naivasha hadi Molo, tumbo lolote linalomuuma mtu mzima ni vidonda, na vidonda vyote vimeletwa na mawazo. Mama mboga atakuambia hivyo. Mzee wa kanisa atakuambia hivyo na kuongeza mstari wa Biblia. Baba alikuwa mjane, basi wakaamua kwamba anamuwaza Mama. Mama alikuwa amefariki miaka tisa kabla. Nilitamani kumshika mtu kola nimuulize ni mawazo gani hayo yanayongoja miaka tisa ndipo yaanze kula tumbo. Sikumshika mtu. Mimi mwenyewe niliyaamini nusu, na nusu yangu ilikuwa mbaya kuliko ya muuza dawa, kwa sababu mimi nimesomea.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya upili hapa Nakuru. Kila mwaka huchora ubaoni ile neva ndefu inayotoka kwenye ubongo, inapita shingoni na kifuani, inateremka hadi tumboni, na huwaambia wanafunzi kwamba ndiyo maana wakingoja matokeo ya mtihani matumbo yanawachafuka. Huwa wanacheka. Nawaambia pia kwamba utumbo una neva zake wenyewe, nyingi ajabu, zinazofanya kazi bila kuomba ruhusa kichwani. Kwa hiyo muuza dawa aliposema mawazo, nilijiambia kuna sayansi ndani yake. Nikamwambia Baba apunguze chai ya moto na aache kusikiliza siasa. Miezi minne ikapita hivyo.

Siku aliposhindwa kuinuka kutoka kwenye kigoda akimkama ng'ombe, kaka yangu alikuja na gari la kuazima tukamleta hospitalini Nakuru. Kaka yangu ndiye kifungua mimba. Anaishi Kihoto, Naivasha, na ni fundi wa mabomba ya maji kwenye shamba la maua. Baba alipigwa picha ya skani. Majibu yalipotoka, daktari, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani, alimwita Baba kwa jina. Tuliosimama ni kaka yangu na mimi. Baba alibaki kwenye benchi, kofia juu ya goti.

Hilo nataka lieleweke, kwa sababu wengine watauliza mzee mzima alikubalije. Kwetu, mzazi aliyesomesha watoto haendi kuhojiana na daktari. Watoto huingia, husikiliza Kiingereza, kisha hutoka na neno moja la kumpa. Ndiyo heshima yake, ndiyo mavuno ya karo aliyolipa. Alikaa pale akituamini.

Daktari alisema ni kansa ya kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, na kwamba imeshatoka mahali pake, upasuaji hautasaidia. Kaka yangu hakungoja amalize.

"Daktari, mzee asijue. Akijua atagive up hata kabla hatujafika nyumbani."

"Kwa kawaida mgonjwa ndiye huambiwa kwanza," daktari alisema. "Nitawaacha mumwambie nyumbani kwa lugha yenu. Lakini siku akiniuliza, sitamdanganya."

Mimi niliuliza swali la mwalimu. Niliuliza kuhusu neva. Alinieleza kwa subira kwamba uvimbe wa aina hii una urafiki mbaya na neva. Unazivuta zimee kuelekea kwake, kisha wenyewe unatambaa juu yake, kama thangari, ile nyasi sugu, inavyofuata mtaro shambani, na ndiyo maana mgongo wa Baba unawaka. Akasema pia kuna utafiti kwamba dalili zinazotumwa na neva wakati mtu ana msongo zinaweza kuchochea uvimbe wa tumbo na utumbo. Akaongeza mengine, kwamba haieleweki vizuri bado, kwamba neva moja huchochea kiungo hiki na kuzuia kile. Hayo mengine sikuyasikiliza. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka.

Nikiwa kwenye ngazi za hospitali nilishaunda hoja yangu: neva zinalisha kansa, mawazo yanachochea neva, basi tukiyaondoa mawazo tutainyima kansa chakula. Mwanafunzi akiniandikia hivyo kwenye mtihani namchorea mstari mwekundu. Lakini nilikuwa binti wa mtu, na hoja ile ilinipa kazi ya kufanya. Tulifika kwenye benchi, Baba akainua macho, nami nikasema, "Ni vidonda, Baba. Ni vikali, lakini ni vidonda. Daktari amesema upunguze mawazo."

"Sawa, Mama," alisema. Huniita Mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, ndivyo akina baba wa kwetu wanavyofanya. Akavaa kofia yake.

Kuanzia hapo niliendesha nyumba ya Baba kama bweni. Kila Ijumaa jioni nilitoka Nakuru nikaenda Gilgil kukagua kama kuna wazo lolote limeingia. Redio niliitoa betri nikasema imeharibika na fundi hana spea. Simu ya Baba ilichukuliwa na kaka yangu, eti laini inatengenezwa. Ng'ombe mmoja alivimba tumbo akafa siku ambayo Baba alikuwa kliniki. Tulimzika upande wa pili wa shamba, tukamwambia Baba kwamba amepelekwa kwa kaka yangu kwa muda.

"Kihoto?" Baba aliuliza. "Anafuga wapi huko, kwa choo?"

Hakujua kwamba hata choo hakikuwapo. Ziwa Naivasha lilikuwa limepanda hadi Kihoto, maji yakaingia nyumbani kwa kaka yangu yakafika madirishani, naye akahamisha mke na watoto hadi chumba cha kupanga upande wa juu wa mji. Hilo pia tulilificha. Shule zilipofungwa Baba aliuliza kwa nini wajukuu hawajaletwa, tukasema wana tuisheni. Aliuliza tena juma lililofuata. Tuisheni, tukasema. Niliona anavyohesabu kichwani ni tuisheni gani hiyo isiyo na Jumapili.

Wageni niliwasimamisha langoni. Akina mama wa kanisa walikuja na chupa zao za chai na mikate, nikawapa masharti kabla hawajafuta viatu: wasitaje ugonjwa wowote, wala kifo cha mtu yeyote, wala mambo ya mashamba, wala serikali.

"Sasa tuongee nini, mwalimu?" mmoja aliniuliza.

"Mvua," nilisema.

Wakaongea mvua. Saa nzima, watu sita, mvua. Baba aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama anayetazama mchezo ambao hakuelezwa kanuni zake.

Kibaya zaidi kilikuwa dawa. Hospitali ilimwandikia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, anywe kila baada ya saa nne. Nilibandua karatasi kwenye chupa nikaandika kwa mkono wangu mzuri wa ubaoni: DAWA YA TUMBO. Na kwa kuwa ilikuwa dawa ya tumbo tu, Baba aliibana. Alikunywa asubuhi kijiko kimoja, akaiweka kabatini imfae siku nyingine. Nilimgombeza. Aliniambia dawa nyingi huzoesha mwili vibaya, na kwamba vidonda havijawahi kumuua mtu wa ukoo wetu. Ningemjibu nini? Uongo wangu ulikuwa umempa sababu nzuri kabisa ya kuteseka.

Alikonda hadi shingo ikawa nyembamba ndani ya kola. Tulikuwa tumepanda viazi, tukapalilia, vikatoa maua, na yeye bado alikuwa kwenye ile meza na ule mto. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimkasirikia muuza dawa. Nilimkasirikia kaka yangu kwa kuja mara moja kwa mwezi na kuniambia kwenye simu, "Si unaona tulifanya poa? Hajagive up." Nilimkasirikia hata Baba kwa kuumwa mbele yangu baada ya kazi yote niliyofanya.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Alisema kuna sindano. Nyuma ya tumbo, mbele ya uti wa mgongo, kuna fundo la neva ambalo hupeleka maumivu yote ya kongosho kwenye ubongo. Unaweza kuingiza sindano kutoka mgongoni, ukalizima fundo hilo kwa dawa, na wagonjwa wengi hupata nafuu ya majuma au miezi. Haiponyi. Inanyamazisha. Nilitaka ifanywe kesho yake. Akanipa fomu.

"Ataweka sahihi mwenyewe," alisema, "na kabla ya sahihi nitamweleza ni ya nini."

"Akishtuka na uvimbe uongezeke je?" nilimuuliza. "Wewe ndiye uliyenieleza habari ya msongo na neva."

"Mwalimu, nilikueleza pia kwamba hatujui mengi. Lakini sijasoma mahali popote kwamba mtu akifichwa ugonjwa wake, ugonjwa unapungua. Na maumivu yenyewe ni msongo, mchana na usiku. Huo mbona mmeuacha?"

Nilitoka pale nimeudhika naye, na nilijua sababu: alikuwa amenisahihisha.

Kaka yangu alikuwa na suluhisho lake. "Si umwambie ni sindano ya ulcers? Asign tu. Hasomi Kiingereza." Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria kweli, hilo siwezi kulikana. Fomu ilikaa kwenye mkoba wangu, katikati ya madaftari ya kusahihisha, majuma matatu. Nilikwenda nayo Gilgil na kurudi nayo Nakuru, Ijumaa na Jumapili, Ijumaa na Jumapili, mpaka pembe zake zikakunjika.

Jumamosi ya mwisho ya majuma hayo vibarua walikuwa wakivuna. Magunia yalikuwa yamepangwa mbele ya nyumba, mlango uko wazi, jua la mchana limeingia hadi chini ya meza. Baba alikuwa ameegemea mto wake. Nilimletea uji, nikaketi mbele yake nikiutikisa upoe. Hakuinua kichwa.

"Mama," alisema, "wewe unajua mambo ya mwili. Nimejaribu hiyo kitu mlisema. Nishaacha kufikiria mama yako. Shamba nikaacha. Redio sina. Hata ile ng'ombe siulizi tena. Na bado inauma. Sasa niambie ni wazo gani imebaki, nitoe hiyo pia."

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingi kwa siku ile, za kwenda polepole, za kuanzia mbali. Zote zilinitoka.

"Hakuna wazo, Baba," nilisema. "Hujafanya kosa lolote. Ni kansa."

Nje mmoja wa vibarua aliita mwenzake alete kamba. Kisha Baba akainuka polepole, mikono miwili mezani, akanitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kupanda."

Aligeuka akatazama magunia. "Na nani anajua?"

Nilianza kutaja. Kaka yangu na mke wake. Akina mama wa kanisa. Jirani wa juu na jirani wa chini. Mtu wa duka la dawa, maana nilikuwa nimeenda kumfokea. Nilipofika hapo niliona aibu ya kuendelea.

"Kwa hivyo watu wote," alisema.

"Karibu wote, Baba."

Alidai simu yangu. Nilimpigia kaka yangu kwanza, na nilipomwambia nimesema, alipiga kelele nikaisogeza simu mbali na sikio. "Sasa umemmaliza! Umemmaliza mzee!" Baba akanyoosha mkono akaichukua. Hakuuliza habari ya ugonjwa hata kidogo. Nilipokuwa nikitafuta namba alikuwa ameniuliza kwa nini watoto hawaji, nami nikamwambia habari ya ziwa.

"Maji ilifika wapi?" alimuuliza mwanawe. Akasikiliza. "Na vitanda mlitoa?" Akasikiliza tena. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kazi yake, alimwambia awalete watoto Gilgil shule zikifungwa, chumba cha nyuma kiko tupu, na aache upumbavu wa kulipa nyumba ya watu wakati nyumba ya baba yake iko.

Jumatano tulikuwa kwa daktari. Safari hii jina lake lilipoitwa alisimama yeye, nami nikamfuata. Daktari alichora nyuma ya fomu: tumbo, kongosho, fundo la neva, uti wa mgongo. Alitumia Kiswahili cha kawaida. Baba alifuatilia kalamu kwa kidole.

"Ni kama mtu ameiba stima kwa waya ya jirani," alisema. "Nyumba moja inawaka, lakini inachoma hata ingine."

"Ni hivyo kabisa, mzee."

"Kwa hivyo wewe unakata waya."

"Nakata waya. Ile kitu yenyewe itabaki."

"Ikae," Baba alisema. "Mimi nataka kulala."

Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, akabonyeza kalamu hadi maandishi yakaonekana upande wa pili wa karatasi.

Sindano ilimsaidia. Haikufuta maumivu yote, na hiyo mofini iliyobaki aliinywa kwa saa zake, safari hii chupa ikiwa na jina halisi la dawa. Lakini alilala. Siku ya tatu tangu turudi Gilgil, niliingia chumbani kwake adhuhuri nikamkuta kitandani, chali, miguu imenyooka, viganja vimefunguka juu ya blanketi. Nilikuwa sijamwona hivyo kwa karibu mwaka mzima. Nilisimama mlangoni nikilia bila sauti, nikidhani amelala.

"Kaa chini," alisema, macho yamefumba.

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Nilingoja aniulize kwa nini. Nilikuwa na jibu, lile la neva na msongo, na kwa mara ya kwanza nililisikia jinsi lilivyo jepesi.

"Nikuambie kitu sijaambia mtu," alisema. "Hiyo miezi yote mlikuwa mnasema ni vidonda. Mimi najua watu wako na vidonda. Wanalima, wanaenda soko. Na mimi nilikuwa nalia kwa hiyo meza mkienda kulala. Nikasema basi mimi nimekuwa mwoga. Nimezeeka vibaya." Akavuta pumzi. "Nilikuwa naona haya, Mama. Nilikuwa naficha nyinyi."

Alipapasa blanketi mpaka akaupata mkono wangu, akaugonga gonga kwa vidole kama anayemtuliza mtoto, kisha akalala.